Kutoka Usangu hadi Lamalera: uchambuzi wa mradi wa michezo ya kugawana katika jamii 15

Mwaka 1996 Joseph Henrich, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwapelekea Wamachiguenga wa msitu wa Amazoni, upande wa Peru, mchezo wa wanauchumi. Mchezo huo ulitoka Ujerumani na ulikuwa umechapishwa tangu 1982. Kanuni zake ni chache. Watu wawili wanapewa dau moja. Wa kwanza, mgawaji, anasema mwenzake apate kiasi gani. Wa pili, mpokeaji, akikubali, kila mtu anachukua fungu lake. Akikataa, wote wawili wanakosa. Wanacheza mara moja tu, na hakuna anayejua mwenzake ni nani.

Nadharia ya uchumi iliyokuwa ikifundishwa vyuoni ilitabiri kwamba mgawaji atatoa kiasi kidogo kabisa na mpokeaji atakubali chochote kinachozidi sifuri. Wakazi wa miji hawakufanya hivyo. Katika vyuo vikuu vya nchi tajiri wengi walitoa kati ya asilimia 40 na 50, na mafungu ya chini ya asilimia 20 yalikataliwa mara nyingi. Wataalamu wengi wakaamini kuwa wameligusa umbile la binadamu: akili iliyojengwa na mageuko katika vikundi vidogo vya wawindaji, inayochukia kupunjwa hata kama kuchukia huko kuna gharama. Wamachiguenga hawakuingia katika picha hiyo. Wastani wao ulikuwa asilimia 26, fungu lililotolewa na wengi zaidi lilikuwa asilimia 15, na katika jozi 21 ni mpokeaji mmoja tu aliyekataa. Kundi la Los Angeles lililochezeshwa mchezo huohuo kwa ajili ya ulinganisho lilitoa wastani wa asilimia 48.

Matokeo ya sehemu moja hayaangushi nadharia. Huenda maelezo hayakueleweka, huenda mtafiti mgeni aliwatisha watu, huenda Wamachiguenga ni wa pekee. Ili kujibu hoja hizo ilibidi mchezo uleule uchezeshwe mahali pengi na watu wanaopajua kila mahali hapo. Ndivyo ulivyoanza mradi unaochambuliwa hapa. Chini ya mtandao wa utafiti uliofadhiliwa na MacArthur Foundation, wanauchumi Samuel Bowles, Herbert Gintis, Ernst Fehr na Colin Camerer walikaa meza moja na mwanaanthropolojia Robert Boyd, Henrich mwenyewe, na watafiti wa nyanjani 12. Walifanya kazi katika nchi 12 na jamii ndogo 15. Afrika Mashariki ilikuwa na tatu: Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, waliofikiwa na Frank Marlowe; Wasangu wa kusini magharibi mwa Tanzania, waliofikiwa na Richard McElreath; na Waorma wa Mto Tana nchini Kenya, ambako Jean Ensminger alikuwa amefanya utafiti kwa miaka mingi. Matokeo ya kwanza yalitoka 2001, na kitabu kizima 2004.

Mchezo wenyewe haukuamua thamani ya kazi hii. Kilichoiamua ni vitu vilivyowekwa kando ya mchezo: soko limepimwaje, wachezaji wameuelewa mchezo kuwa ni nini katika maisha yao, na mtafiti anaposema "jamii" anamaanisha watu gani. Katika mambo hayo matatu mradi ulifaulu, ukakosea, na mara mbili ukarekebishwa.

Jinsi mchezo ulivyoendeshwa

Dau liliwekwa kwa kipimo cha ujira wa kibarua wa siku moja au zaidi kidogo mahali husika. Kipimo hiki kina sababu. Dau likiwa dogo watu wanacheza kwa mzaha, na likitofautiana sana kithamani kati ya nchi na nchi huwezi tena kusema kama uliona tofauti ya tabia au tofauti ya hali ya mfuko. Pesa iligawika katika vipande sawa, kwa kawaida 10, ili mtu ambaye hajawahi kuhesabu asilimia aweze kusogeza sarafu kwa mkono. Lamalera, kijiji cha wavuvi wa nyangumi nchini Indonesia, pakiti za sigara zilitumika badala ya pesa, kwa sababu kuwekeana pesa mezani kungeonekana kama kamari.

Maelezo yaliandikwa, yakatafsiriwa kwa lugha ya mahali, kisha mtu mwingine akayarudisha katika lugha ya mwanzo ili upotofu uonekane. Baada ya hapo mchezaji aliulizwa maswali ya kupima uelewa, kwa mfano: ukimpa mwenzako sarafu 3 na akakataa, wewe unapata ngapi? Aliyeshindwa baada ya kuelezwa tena hakuchezeshwa. Hatua hii ni ya lazima, lakini mtafiti anayeipita bila kuandika ni nani walioondolewa anajidanganya. Kama wengi wao ni wazee au wasiokwenda shule, sampuli imeshapinda kabla ya sarafu ya kwanza kuguswa.

Usiri ndio ulio mgumu kuliko yote. Chuoni mtu anakaa nyuma ya kompyuta na haonwi. Katika kambi ya Wahadzabe yenye watu 20 au 30 kila mmoja anajua nani ameitwa pembeni na amerudi na nini mkononi. Njia inayofaa ni kuita mtu mmoja mmoja mbali na wenzake, kuwatenga waliokwisha cheza na wanaosubiri, na kumaliza kituo kimoja kwa muda mfupi kabla habari hazijasambaa. Kazi ikilala usiku mmoja, kesho yake unachezesha maoni ya kijiji.

Matokeo, na maana yake kwa wenyeji

Hakuna jamii hata moja kati ya 15 iliyofanya kama nadharia ilivyotabiri. Hilo lilitarajiwa na wengi. Lililoshangaza ni upana wa tofauti. Lamalera wagawaji walitoa kwa wastani zaidi ya nusu. Waache, yaani watu wa kabila la Ache la Paraguay, walitoa asilimia 51, Waorma 44, Wasangu kama 41, Wahadzabe 33 ukichanganya kambi zote, Waquichua wa Ekuado 27. Ukataaji nao ulitofautiana: Waache hawakukataa hata mara moja katika jozi 51, Waorma mara 2 katika 56, Wahadzabe mara 13 katika 55.

Hapa ndipo anthropolojia ilipolipa deni lake. Mwanauchumi akipewa namba hizi peke yake angesema Wahadzabe ni wabahili, ilhali ni watu wanaogawana nyama kila siku. Marlowe, aliyeishi nao, alieleza kwamba kugawana kwao kunashikiliwa na macho ya wenzao. Mtu anapokuja na mnyama kambini madai yanaanza papo hapo, na anayeficha anasemwa na kutengwa. Ukiondoa macho hayo kwa usiri wa mchezo, wengi wanachukua nafasi ya kubaki na chao, na mpokeaji aliyezoea kudai anakataa. Kwa Wamachiguenga hali ni kinyume. Mpokeaji aliona tu kwamba bahati haikumwangukia kuwa mgawaji, na hakujiona ana haki ya kumwadhibu mtu kwa hilo.

Wau na Wagnau wa Papua Guinea Mpya walifanya jambo ambalo halikuwa limeonekana chuoni: walikataa hata mafungu yaliyozidi nusu. David Tracer, aliyefanya kazi huko, aliliweka katika desturi zao za zawadi. Kupokea kitu kikubwa ambacho hukuomba ni kujifunga deni na kujiweka chini ya aliyetoa, naye ndiye atakayechagua siku ya kudai. Kukataa ni kulinda uhuru wako.

Kwa msomaji wa Kiswahili kisa cha Waorma kina uzito wa pekee. Ensminger aliwachezesha pia mchezo wa pili, ambamo kila mtu anapewa pesa, anaamua achangie kiasi gani katika chungu cha pamoja, mtafiti anakiongeza, kisha kinagawanywa sawa kwa wote. Waorma hawakuona jaribio. Waliona harambee, na wakauita hivyo, mchezo wa harambee. Walichangia wastani wa asilimia 58 ya walichopewa. Jina hilo linaeleza jambo ambalo wanasaikolojia walichukua muda kulikubali: mtu anapokutana na hali ngeni hutafuta katika maisha yake desturi inayofanana nayo, kisha anafuata kanuni za desturi hiyo. Mtafiti anaweza kuandika maelezo yasiyoegemea popote, lakini mchezaji hataingia kichwa kitupu.

Mahali mradi ulipokuwa dhaifu

Ili kueleza tofauti kati ya jamii na jamii kikundi kilichagua vitu viwili: jamii imeingia kiasi gani katika soko, na uzalishaji wake unadai ushirikiano kiasi gani nje ya familia. Lamalera mtumbwi wa nyangumi hautoki bila zaidi ya wanaume kumi, na Wamachiguenga wanaweza kuishi familia moja moja, hivyo mantiki ilikuwa nzuri. Katika ripoti ya 2001 vitu hivyo viwili vilieleza asilimia 68 ya tofauti za wastani wa migao. Umri, jinsia, elimu au mali ya mchezaji mmoja mmoja havikueleza karibu chochote.

Asilimia 68 inavutia, lakini itazame inatoka wapi. Ngazi za soko na ushirikiano zilipangwa na watafiti wenyewe, kwa kulinganisha na kujadiliana kila mmoja akitetea anachokijua kuhusu watu wake. Hakuna aliyehesabu mifuko ya unga iliyonunuliwa. Nukta kwenye mchoro, yaani jamii zilizolinganishwa, hazifiki 20. Mtu anayezijua jamii hizi kwa undani anaweza, bila nia mbaya yoyote, kusogeza ngazi moja juu au chini kwa sababu anajua watu wake ni wa aina gani.

Udhaifu wa pili ulikuwa wa kimahesabu. Pale ambapo karibu kila mgawaji anatoa nusu, hakuna mafungu madogo ya kukataliwa, hivyo huwezi kujua kama watu wangekataa. Kukataa mara 2 tu miongoni mwa Waorma kunaweza kumaanisha kwamba hawaadhibu, au kwamba wagawaji walijua vizuri wakipunja wataadhibiwa. Lamalera tatizo hili lilizungukwa kwa kuwaletea wapokeaji mafungu madogo ambayo hakuna mgawaji aliyeyatoa. Kwa mwanasaikolojia hilo ni jambo la kawaida. Kwa mwanauchumi wa majaribio ni udanganyifu, na udanganyifu ni mwiko katika fani yake, kwani mchezaji akishatilia shaka anachoambiwa matokeo yote yanayofuata hayana thamani. Fani mbili zenye maadili tofauti ya kazi zinapaswa kulimaliza suala hili kabla ya kufunga mizigo.

Awamu ya pili

Kikundi kilirudi nyanjani, na uamuzi huo unastahili sifa kuliko matokeo yoyote. Safari hii Henrich na Ensminger waliongoza, na karibu kila kitu kilisawazishwa. Maelezo yakawa ya aina moja kwa vituo vyote, dau likawa ujira wa siku moja, na mpokeaji akatakiwa kusema mapema, kwa kila fungu linalowezekana, kama angelikubali au angelikataa. Mbinu hii inaondoa haja ya mafungu ya uongo na inatoa picha nzima ya kila mpokeaji. Gharama yake ni muda na uelewa, kwa sababu mtu sasa anaulizwa maswali ya "kama" mengi kwa mfululizo, na mahali pengine hilo linachosha.

Michezo ikawa mitatu. Katika wa kwanza mgawaji anagawa na mpokeaji hana sauti kabisa. Wa pili ni ule wa awali. Katika wa tatu yupo mtu wa pembeni asiyehusika, mwenye pesa inayolingana na nusu ya dau, ambaye anaweza kutoa sehemu yake ili kumwadhibu mgawaji. Kwa hesabu ya kawaida: dau likiwa 100, mtu wa tatu ana 50, na akitoa 10 mgawaji anakatwa 30. Mchezo huu unapima jambo ambalo nadharia za mageuko ya akili zinapata shida kulieleza, yaani kujitia hasara kwa ajili ya mtu usiyemjua. Miongoni mwa Watsimane wa Bolivia asilimia 28 tu walimwadhibu mgawaji aliyetoa sifuri. Miongoni mwa Wakisii na Wamaragoli walizidi asilimia 90.

Soko sasa lilipimwa kwa kuhesabu: kaya zilihojiwa, na kipimo kikawa asilimia ya kalori za chakula zinazonunuliwa badala ya kulimwa, kuchumwa au kuwindwa. Wahadzabe walipata sifuri, wakazi wa kijijini Missouri, Marekani, 100. Ripoti ya 2010 katika jarida la Science ilihusu zaidi ya watu 2,000 katika jamii 15, na sita kati ya hizo zilikuwa Kenya na Tanzania: Waorma, Wasamburu, Wamaragoli, Wakisii, Wahadzabe na kijiji cha Isanga. Uhusiano wa soko na mgao ulibaki. Kuwa muumini wa dini kubwa, Uislamu au Ukristo, kuliongeza mgao pia, na ukubwa wa jamii ulikwenda pamoja na utayari wa kuadhibu.

Kwa nadharia hili lina maana kubwa. Kama haki kwa mtu usiyemjua ingekuwa mabaki ya akili ya vikundi vidogo, ambako kila mtu anamjua mwenzake na ukarimu hulipwa baadaye, basi wanaoishi katika vikundi vidogo ndio wangetoa zaidi, au wote wangetoa sawa. Ilikuwa kinyume. Matokeo yanaupa nguvu msimamo ambao Boyd na Peter Richerson walikuwa wakiutetea kwa muda mrefu: kwamba kanuni za kushughulika na wageni zilijengwa na utamaduni, na akili yetu ilikuwa tayari kuzijifunza. Kipimo cha dini, hata hivyo, kilikuwa cha ndiyo au hapana, na hicho ni chembamba mno kubeba hoja nzito namna hiyo.

Mchezo na maisha, kijiji na jamii

Maswali mawili hayakumalizwa na awamu ya pili. La kwanza ni kama mchezo unapima tabia ya kila siku. Michael Gurven, mmoja wa kikundi chenyewe, pamoja na Jeffrey Winking walilinganisha walivyocheza Watsimane na walivyoshirikiana katika mambo halisi, na 2008 wakaripoti kwamba kimoja hakitabiri kingine. Carolyn Lesorogol aliwachezesha Wasamburu mchezo wa mgawaji asiyepingwa kwa namna mbili. Katika moja mchezo ulibaki bila muktadha, katika nyingine aliufanya kuwa suala la kugawa nyama ya mbuzi. Penye nyama watu walitoa pungufu, kwa tofauti kubwa, kwani Wasamburu wana kanuni za nani anastahili sehemu ipi, na pesa isiyo na jina haina kanuni hizo. Hapo harambee ya Waorma inapata pacha wake: yaleyale mahesabu, desturi nyingine, mkono mwingine.

Swali la pili linauma zaidi. Mwaka 2011 Shakti Lamba na Ruth Mace walichapisha utafiti wa vijiji 16 vya Wapahari Korwa, kabila moja la India, na tofauti kati ya kijiji na kijiji zilifikia ukubwa wa zile zilizodaiwa kuwa kati ya utamaduni na utamaduni. Kama ni hivyo, kijiji kimoja kilichowakilisha jamii nzima huenda kiliwakilisha kijiji hicho tu. Dalili zilikuwepo tangu awamu ya kwanza. Kambi kubwa za Wahadzabe zilitoa asilimia 40 na ndogo 27. Wasangu wakulima na Wasangu wafugaji walitoa karibu sawa, lakini wakulima walikataa mara 5 katika 20 na wafugaji mara 1 katika 20. Watu wa lugha moja na jina moja, wanaotofautiana kwa shamba na mifugo tu. Data hizo zilichapishwa wazi kwenye jedwali, lakini uzito wake ulipatikana baadaye.

Jibu zuri kuliko yote limetoka kwa Wahadzabe tena. Kristopher Smith, Tomás Larroucau, Ibrahim Mabulla na Coren Apicella walitumia asali, kitu kinachopendwa sana kambini, badala ya pesa. Kila mtu alipewa mirija minne ya asali na kuamua abaki na mingapi na aweke mingapi katika fungu la kambi, ambalo liliongezwa mara tatu na kugawanywa sawa. Walizifikia kambi 56 katika muda wa miaka sita, na kwa kuwa Wahadzabe huhama mara kwa mara, baadhi ya watu walipatikana zaidi ya mara moja wakiwa katika kambi tofauti. Ripoti yao ya 2018 inaonyesha kwamba wakarimu walikutwa pamoja na wabanifu pamoja, lakini mtu aliyehama hakubeba ukarimu wake. Mchango wake ulifuata wa kambi aliyokuwamo wakati huo kuliko ule wake wa zamani.

Kwa timu inayopanga kurudia kazi hii Usangu au kwingineko, matokeo hayo yanabadilisha bajeti kwanza. Fedha za kwenda jamii mpya kumi kwa kijiji kimoja kimoja zitumike vijiji kumi vya jamii moja au mbili, kaya zihojiwe chakula chao kabla ya mchezo na si baada yake, na kila jedwali la data liwe na safu ya mahali mchezaji anapolala wiki hiyo, pamoja na safu ya neno alilolitumia mwenyewe alipoulizwa mchezo huu unafanana na nini.